Aliyeziba Pumzi ya Injini

Shemeji yake ndiye aliyeua injini, kisha akasimama mbele ya mafundi wote akamsingizia yeye. Huo ndio ubaya aliotendewa, na tangu siku hiyo anautembeza mgongoni kama gunia la mtu mwingine.

Wanamwita Mama Spana. Shule hakuiona hata kupitia dirishani. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, miaka kumi na tisa wakilala chini ya magari pamoja. Cheti hana, cheti chake kilikuwa neno la watu: "Mpelekee yule mama, haongopi." Mume alipofariki, mdogo wake, dereva wa mashindano aitwaye Rubani, akajifanya ndiye mwenye gereji. Mjane akabaki kuwa mikono tu ya kazi.

Gari la Rubani lilifungwa turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, kubwa kuliko busara ya mwenyewe. Injini ya namna hiyo hupumua kwa nguvu. Moshi hupenya kwenye ringi za pistoni, ukashuka kwenye oili, na sharti upewe njia ya kutoka. Ukitoka, hubeba ukungu wa oili. Ukiuelekeza kwenye njia ya hewa, injini humeza uchafu wake na kufuka moshi wa buluu. Mama Spana alikuwa akifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, anaweka kiganja juu, anafumba macho. Kwa kiganja hicho alijua pumzi imezidi au la.

Basi akachomelea kopo la bati, akalijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akaliunganisha na injini kwa mipira miwili minene. Oili inanasa kwenye nyuzi, hewa inatokea juu kwenye kichujio kidogo. Chini aliweka koki, na kila baada ya mazoezi alimwaga ule uji wa kahawia, akaunusa kwanza.

"Shemeji, kopo lako linanuka," Rubani alilalamika. "Nikivaa helmeti najiona niko jikoni."

"Liache linuke. Likiacha kunuka, ujue kuna msiba."

Mafundi wakacheka. Walikuwa sita, na wote yeye ndiye aliyewafundisha kutumia kiganja.

Ikafika siku ya mashindano. Mpiga picha alikuwa aje kulipiga gari boneti ikiwa wazi, kwa hiyo mpiga rangi alikuwa amepaka mle ndani rangi nyeupe kama chumba cha sindano. Asubuhi hiyo Mama Spana alikuwa nyumbani akimwogesha mama mkwe, maana mgongo mbovu wa bibi yule nao uliangukia kwake. Alifika uwanjani jua limeshapanda.

"Nifungulie boneti, shemeji, nipime pumzi."

"Kwa mikono hiyo? Usinichafulie rangi. Kaa kivulini upumzike, umechoka."

Ni kweli alikuwa amechoka. Akakaa. Hilo hujilaumu mpaka leo.

Mzunguko wa tatu, moshi ukalifunika gari. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka, sili ya kranki, ule mpira wa kuzuia oili, imetapika, oili imemwagika juu ya ekzosi, na beringi zimebaki kavu zikaumana. Gari lilirudi likivutwa kwa kamba.

"Kopo la sufuria hilo!" Rubani alifoka kabla hajavua helmeti. "Hakulimwaga, likajaa, likaziba! Mtu hawezi kusoma hata kijitabu cha gari, nanyi mnamwita fundi!"

Mama Spana aliinamia kopo. Alifungua koki, kikatoka kijiko kimoja tu cha oili. Akavuta mipira. Ndani ya kila mmoja palikuwa na boliti nene, imebanwa kwa klempu mpya, pumzi isipite.

"Hizi kaweka nani?"

"Fundi wa mipira ni wewe. Jiulize mwenyewe."

Wale sita wakatazama viatu vyao.

Siku ya pili yake mpiga rangi alimfuata penye karai la kuoshea vyuma. "Mama, mimi nilimwona Rubani asubuhi ile. Kichujio kilidondosha matone mawili kwenye rangi, akaziba mipira. Alisema atafungua picha zikiisha. Akasahau."

"Ulikuwepo akinitukana. Mbona ulinyamaza?"

"Unajua tena, mama. Magari yake yote napaka mimi."

"Najua. Nenda kapake."

Sasa wateja husimama getini, wanamtazama, kisha wanauliza, "Fundi yupo?" Yeye huwaonyesha kwa kidole alipo Rubani, na kurudi kusugua kutu. Asubuhi Rubani humwamkia, "Umeamkaje, shemeji?" kama mtu asiye na deni, naye huitikia, kwani kununa nako kunataka nguvu.

Mama Spana haidai tena injini. Imeshauzwa chuma chakavu. Mpiga rangi anadaiwa yale maneno aliyomnong'oneza kwenye karai, ayaseme kwa sauti. Mafundi sita wanadaiwa kuinua macho. Na Rubani anadaiwa sentensi moja, aitamke mchana, mbele ya watu walewale: "Niliziba mimi." Hajamlipa hata mmoja wao, na Rubani ndiye anayepaswa kuanza.