Majoho Mawili ya Tumbaku

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Nikipewa maji nayanusa kwanza. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, nyumbani kwa mama mkwe Kikwajuni, shaka ilinigeukia mimi mwenyewe. Na niseme tangu hapa, msije mkanitetea bure: majani mawili ya tumbaku niliyaiba kweli. Yaliyopotea, hata hivyo, yalikuwa mengi kuliko hayo.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile, miaka ya hamsini: mimi, mume wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, na mama yake, mjane. Mama mkwe kazi yake ilikuwa kusokota biri. Si zile nyembamba za Kihindi. Biri nene, tumbaku ndani na tumbaku nje, za kuvutwa na wakubwa. Ufundi ule aliuleta marehemu mumewe, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja Shangani. Mzungu akitupa kipande cha biri yake, mpishi anakiokota, anakwenda kukifumua jikoni aone kimefungwa vipi. Akaja kumfundisha mkewe, na mkewe akampita. Mwenye duka mmoja wa Darajani akizichukua zote. Kwa biri hizo mama mkwe alimlea mwanawe, akamsomesha, na akajenga kile chumba cha pili tulichokuwa tukilala sisi.

Tumbaku ilitoka Makunduchi, imekauka, imefungwa vicha vicha. Mimi nilipewa kazi za mwanzo: kunyunyiza maji, kuyafunika majani kwa gunia bichi mpaka yalainike kama kitambaa, kisha kuchomoa uti wa katikati bila ya kulichana jani. Majani ya hovyo yakiingia ndani ya biri. Yale makubwa, yasiyo tundu wala doa, yakiwekwa mbali kwa ajili ya kuvalishia nje, na sisi tukiyaita majoho. Joho moja, biri moja. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyeyachagua kwa muuzaji, moja moja, akiyanyanyua kwenye mwanga. Kuvalisha joho alifanya mama mkwe peke yake, chumbani mwake, juu ya kibao cha chapati. Mimi sikuruhusiwa hata kujaribu. "Mkono wako bado una haraka," akinambia.

Haya. Mama yangu mzazi alikaa Mtoni, na alikuwa mtu wa kutafuna tambuu na tumbaku ndani yake. Tumbaku aliyokuwa akiipata ilikuwa vumbi tupu. Siku moja niko uani naloweka, nikayatazama yale majoho ishirini, mapana, yananukia, nikajisemea: mawili tu, nani atajua? Nikayafunga kwenye pindo la kanga, nikatoka mlango wa uani.

Jumamosi mume wangu akaja kuzichukua biri azipeleke dukani. Zilikuwa kumi na nne.

"Nimeleta majoho ishirini," akasema. "Sita yamekwenda wapi?"

Sita! Nilishtuka mimi kuliko yeye. Mawili nayajua. Manne je? Nikamtazama mama mkwe, naye alikuwa anatazama mkeka.

"Mimi sijui, mwanangu," akasema polepole. "Anayeloweka ni mkeo."

Lo! Mtu safi pale angetaka Msahafu uletwe. Mimi sikuthubutu. Nikasema, "Wallahi sikuchukua sita." Kiapo cha kweli kabisa, lakini nani anaapa hivyo? Mume wangu akakunja karatasi ya biri zake, akaondoka bila ya kuaga.

Tangu siku ile nikawa simuamini yule mama hata kidogo. Nilijua alitaka mwanawe amuoe binti wa dada yake, si mimi. Nikaona basi, njama ndiyo hii: ananifichia majoho ili nionekane mwizi nirudishwe kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikawa napekua kila akitoka kwenda msibani au kwa jirani: chini ya godoro, nyuma ya mtungi, ndani ya kasha la nguo ambalo alilisahau wazi. Hakuna kitu. Na yeye akinitazama mikono kila nipitapo, nami nikimtazama yake. Tulikuwa tunakula sahani moja bila ya kusemezana, kila mmoja anasubiri mwenzake atangulie kutia mkono.

Wiki ya pili yakapungua matano, na safari hii mimi sikugusa hata moja.

Kisha likazuka jambo la udi. Kila nyumba ya kwetu ikifukizwa udi Alhamisi magharibi, hilo halina ajabu. Lakini mama mkwe akaanza kufukiza Jumatatu. Jumatano. Saa nne ya asubuhi, nikiwa nimetoka kwenda sokoni, anafunga mlango wa chumba chake, na nikirudi moshi unatoka chini ya mlango. Na ndani ya harufu ya udi mlikuwa na harufu nyengine, kali, chungu, ya kuwasha koo. Nikasema, naam, sasa nimeshafahamu. Nafukiziwa mimi. Mwanamke huyu ananifanyia mambo.

Msinicheke. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nikawa nachukua nywele zangu zote kwenye kitana na kuzitupa chooni, asije akazipata. Nguo zangu nikaanika chumbani. Nikaenda Mtoni kumwambia mama.

"Mama mkwe hafukizi Jumatatu bure," mama akasema, huku anatafuna tambuu yenye joho langu la wizi. "Ukimuona kobe kainama, anatunga sheria. Mchunge, mwanangu. Na hii tumbaku, mashaallah, umeipata wapi?"

Nikamwambia nimepewa.

Niliporudi nikamkuta mume wangu kakaa kwenye kiti ukumbini, hakuvua hata kofia. Akasema mwenye duka analalamika, biri hazimtoshi, na yeye amechoka kufanywa mjinga nyumbani kwake. "Ijumaa nikirudi msikitini nataka jawabu," akasema. "Nikikosa, utakwenda ukapumzike kwenu kidogo."

Kupumzika kwenu kidogo! Nani asiyejua maana yake? Shoga yangu mmoja alikwenda kupumzika hivyo, talaka ikamfuata na mkeka wake. Nilimpenda mume wangu, wala sioni haya kusema. Nilikuwa na siku tatu tu.

Jumatano asubuhi nikachukua kikapu, nikatoka kama ninakwenda sokoni. Nikafika pembeni, nikageuka. Moshi ulikuwa ushaanza. Nikapiga hodi moja, wala sikungoja karibu, nikausukuma mlango.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka, chetezo mbele yake. Mkononi ana joho la tumbaku, limechanika katikati. Mawili mengine yalikuwa juu ya makaa, yanajikunja, na juu yake kipande cha udi. Kwenye kibao palikuwa na biri imevaa nusu, joho limepinda, uji wa ngano wa kugandishia umetapakaa kila mahali.

Alitaka kuuficha mkono wa kulia ndani ya kanga. Hakuwahi. Niliona vidole. Gumba na viwili vya mwanzo vilikuwa vimesimama tu, havikunji.

"Vimekufa," akasema. "Tangu Mfunguo Mosi. Nnavyo lakini havinisikii. Nnalivuta joho, sijui kama nimelivuta, mpaka nnasikia limepasuka."

Nilikuja na maneno tele, nimeyapanga njia nzima, yote yakaniishia pale mlangoni.

"Usimwambie mumeo," akasema. "Akijua ataninyang'anya kibao. Nikikaa bure mimi nani?"

"Na mimi nikirudishwa kwetu?"

"Nitasema."

"Lini, mama?"

Akalitia lile joho kwenye makaa, mbele yangu, akageuza uso kwa sababu ya moshi.

Siku mbili zile sikulala. Hasira nilikuwa nayo, ilinijaa mpaka hapa. Mwanamke ananiona naandamwa, na kinywa chake kimefungwa! Lakini kila nikikasirika naviona vile vidole, na kila nikiviona vidole naviona na vyangu, vikifunga pindo la kanga. Nikajiwekea ahadi: Ijumaa nitampa nafasi aseme. Asiposema, nasema mimi, liwalo na liwe.

Ijumaa mume wangu akarudi, akaketi. "Haya," akasema. "Nnasikiliza."

Nikamngoja mama mkwe. Nikamtazama, nikafungua kinywa, na hapo akainyoosha mikono yake miwili mbele ya mwanawe, kama anayesubiri kumiminiwa maji ya kunawa.

"Wezi wako ndio hawa," akasema. "Mkeo hana kosa. Yote nimeyaharibu mimi. Sita ya kwanza na matano ya pili. Nnayachoma kwenye chetezo."

"Yote sita?" mume wangu akauliza.

"Yote sita."

Yeye alijua ni manne. Mtu hajui idadi ya vitu anavyovichoma kwa siri? Nami nilijua. Ilinibidi niseme palepale, na sikusema. Mume wangu alivishika vile vidole akawa anavikunja kimoja kimoja, na kila akikiachia kinarudi. Akalia, mwanamume mzima. Kisha akaniomba radhi mimi, na mimi nikampa. Lo, jinsi nilivyompa kwa upole, mithili ya mtu mwema!

Baada ya hapo kibao kikawa changu. Mama mkwe akikaa ubavuni pangu, akinifundisha kwa mdomo: uso wa jani nje, mgongo ndani, livute kidogo, siyo hivyo, unamnyonga kuku? Nilichana majoho mengi. Hakuna aliyeyahesabu tena. Wala hapakuwa na udi wa Jumatatu.

Miezi ikapita. Siku moja nimevaa buibui langu ninakwenda Mtoni kumtazama mama, nishafika uani, mama mkwe akaniita.

"Naam," nikaitika.

Alikuwa kakaa penye gunia bichi, karatasi mapajani. Kwa mkono wake wa kushoto, polepole, alikuwa anafunga majoho mawili, mazuri kuliko yote ya wiki ile. Akanipa.

"Mpelekee mamako," akasema. "Mawili, kama yale. Na leo pita mlango wa mbele."