Kumpeleleza Mama wa Bibi Harusi

Kaka yangu alipotangaza kwamba mwanawe amepata mchumba, mke wake alishika kichwa kana kwamba ametangaziwa msiba. Msichana mwenyewe hakuwa na dosari. Alisomea uuguzi, aliimba kwaya ya parokia kule Koekelberg, hapa hapa Brussels, na mtu mzima akiingia alimpisha kiti bila kukonyezwa. Tatizo lilikuwa mama yake. Huyo aliwahi kuigiza kwenye televisheni, Lubumbashi, enzi ambazo Zaire ilikuwa bado Zaire na mtaa mzima uligombania dirisha la jirani mmoja mwenye televisheni. Wifi yangu alikulia huko huko, kwa mjomba wake.

"Ule mwanamuke namujua," wifi alisema. "Alitiliaka muke mwenzake sumu mu sombe. Alifukuzaka mama bukwe yake inje, na mvua inanyesha! Mutoto wangu hataoa mule."

Kwetu Kivu, kabla familia haijabisha hodi kuomba binti wa watu, hutuma mtu kuchunguza kwanza: ni watu wa namna gani, wana ugomvi, wana uchawi, wana ugonjwa wa kurithi? Kazi hiyo humwangukia shangazi, kwa kuwa shangazi hana haya. Nikatumwa mimi. Mtoto wa kaka alinisindikiza hadi mlangoni na kunishika mkono.

"Tantine, ukileta habari mubaya, maman hatakubali. Na mi siwezi kuoa bila maman. Donc, ni weye tu."

Hakuwa akitania. Nilimpenda kijana yule, na moyo uliniuma kuona anavyonitazama.

Miaka ile nilikuwa nahudumia wagonjwa katika hospitali moja ya Jette, zamu ya asubuhi, kwa hiyo alasiri zangu zilikuwa huru kwa umbea halali. Nilianzia Molenbeek kwa kinyozi mmoja, papa wa Lubumbashi aliyejua kila kitu chini ya jua, isipokuwa kunyoa pande mbili zikalingana. Nilimuuliza habari ya ile sumu ya kwenye sombe, yaani kisamvu.

"Niliona na macho yangu," alisema, mkasi ukiwa hewani. "Alikoroga sumu mu sombe na mwiko. Muke mwenzake akakula, akaanguka, pa!"

"Papa, weye ulikuwa wapi?"

"Ku dirisha."

"Dirisha ya nani?"

"Ya voisin. Ni ye tu alikuwaka na télé."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, akaendelea kunyoa. Mteja wake, povu la sabuni mashavuni, alitikisa kichwa kwa masikitiko na kuuliza kama marehemu aliacha watoto.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini namjua wifi yangu. Ukimletea shahidi mmoja atakuambia ana njaa ya wa pili. Basi nikamwendea maman mmoja wa parokia, aliyewahi kuuza nyanya sokoni Lubumbashi. Huyu alinimwagia yote, chumvi juu yake: mama mkwe alifukuzwa mvuani, akashikwa na homa, akafa. Kwa hiyo siku mwigizaji alipokuja kununua nyanya, wauzaji wote walimkatalia.

"Alifanya nini?" niliuliza.

"Alilia. Alilia sana, pale pale mu soko. Tukamupigia makofi! Ule mama, alijuaka kucheza, vraiment."

Alikisimulia kisa hicho kwa fahari. Mimi niliaga mapema, chai sikuimaliza.

Jumamosi nikapanda ngazi za nyumba ya mwigizaji mwenyewe, si mbali na basilika. Mlango ulifunguliwa na bibi mwenye mkongojo, mkali wa macho, aliyenipima kuanzia viatu hadi kilemba.

"Weye ni wa upande wa mwanaume? Ingia. Mi ni mama bukwe wa hapa."

Nikamsalimia marehemu kwa heshima zote. Alikuwa na afya kuliko mimi. Aliketi, akadai bukari yake, yaani ugali, ipashwe moto, na kutoka jikoni sauti ikaitikia, "Ndiyo, maman." Akatoka mwanamke mfupi, miwani minene, sweta limeliwa viwiko. Huyo ndiye aliyetia hofu mitaa mizima. Aliniwekea kiti, akatabasamu.

"Tantine, unakuja juu ya sumu, ao juu ya mvua?"

"Yote mbili," nilisema. Nilikwisha kukuambia kwamba haya sina.

Alicheka hadi akavua miwani. Sumu, alisema, ilikuwa unga wa muhogo. Mvua ilikuwa papa mmoja aliyesimama juu ya meza na ndoo. Yule mke mwenza wa mchezoni alikula sombe yote kabla ya kuanguka maana tangu asubuhi hakuwa amekula kitu, na siku hizi yuko Liège, angekuja harusini. Kisha kicheko kikamwisha.

"Mi nimezoea. Lakini mutoto wangu asibebe zambi ya ule mwanamuke wa télé. Utabaambia?"

Niliwaambia, tena kwa sauti kubwa. Wifi alinijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kaka ndiye aliyeukata mjadala. Wifi akasalimu amri nusu tu: "Bon. Lakini ule mama, nitamuangalia."

Siku ya kumkabidhi binti tulijaa ukumbi mmoja Molenbeek. Marehemu wa Liège alikuwepo, mnene, anacheza kuliko wote. Ukafika wakati wa mama kumbariki mwanawe. Mwigizaji alisimama, akafungua mdomo, maneno yakakataa. Machozi yakamtoka.

Ukumbi ukapiga makofi. Kinyozi alipiga na mluzi. Mama wa watu akajifunika uso kwa kitenge, na makofi yakazidi, mtu akapaza sauti, "Encore!", akitaka arudie Binti alimtazama mama yake, kisha akatutazama sisi, mdomo ukimtetemeka. Nilipandwa na hasira.

Ndipo wifi aliposimama. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Alivuka ukumbi taratibu, makofi yakififia, akamfunua yule mama uso na kumkagua kwa karibu, kama anavyokagua samaki kabla ya kumnunua. Kisha akatugeukia.

"Munyamaze! Mi nilimuangaliaka kila juma, sikukosaka hata mara moja. Mu télé hakutokaka kamasi."

Akashika pembe ya kitenge chake kipya, kile alichotukataza hata kukigusa, akampangusa mkwe mwenzake pua.