Njaa ya Mume Wangu

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mama mkwe alianza kuwaambia watu kwamba ninamnyima mwanawe chakula. Mimi mwenyewe hakuniambia. Alimwambia jirani yetu, na jirani akanifikishia tulipokuwa tunachota maji, huku akiniangalia usoni aone nitafanyaje. Sikumlaumu mama mkwe. Mwanawe alinioa akiwa na mabega ya kushika plau kutwa nzima, na kabla ya mwaka kwisha shati lilikuwa linamning'inia. Angekuwa mwanangu mimi, ningesema vilevile.

Tulikuwa tunaishi Nyangoto, upande wa Tarime, miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa mtoto pekee wa kiume, baba yake alikwisha kufa, na ng'ombe wote walimtegemea yeye. Ukweli ni kwamba nilikuwa napika kuliko mwanamke yeyote pale kijijini. Nilimsongea ugali wa ulezi uliojaa sinia, nikamwekea maziwa ya mgando na mboga ya mgagani, akala vyote. Akinawa mikono alikaa kidogo, halafu akaniambia kwa aibu kwamba anajisikia kama mtu ambaye hajala. Nilikwangua ukoko nikampa. Baada ya hapo yalikuja maji. Kibuyu cha kututosha siku mbili alikimaliza kabla ng'ombe hawajarudi kutoka kunywa, na kila mara alikuwa anatoka kwenda nyuma ya zizi kukojoa.

Siku moja mama mkwe aliingia jikoni kwangu asubuhi, akavuta kigoda, akakaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, hakusema alichofuata. Alikaa hadi nikapika, hadi mwanawe akala. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu, mume wangu alipomaliza sinia na kuomba uji, mama mkwe ndiye aliyeinuka kumkorogea. Alisubiri mwanawe atoke.

"Mwanangu," aliniambia, "nilikufikiria vibaya. Huyu anakula, lakini chakula hakimfikii."

Maneno hayo nimeyakumbuka maisha yangu yote, kwa sababu baadaye nilikutana na wasomi wengi na hakuna aliyeueleza ugonjwa ule kwa usahihi kumzidi yeye.

Baba mdogo wa mume wangu alisema ni minyoo. Alileta dawa ya mizizi, ikamharisha siku mbili, akadhoofika zaidi. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya mifugo yake. Mwalimu wa dini wa kanisani kwetu, mtu mpole aliyekuwa anakuja kusali na wagonjwa, ndiye aliyetuambia kuna hospitali ya misheni ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Waikoma na Wanata, na kwamba tusingoje mvua zianze.

Tuliondoka watatu, mimi, yeye na baba mdogo. Mto ulikuwa umepungua, tukavuka kwa miguu mahali penye mawe, baba mdogo akitangulia na fimbo. Mume wangu alipumzika mara nyingi sana kwenye mbuga. Kila akikaa alikunywa maji, na nilipoinama kumsaidia kusimama niliisikia pumzi yake inanuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tulipoliona paa la hospitali alikwishaacha kujibu maswali. Tulimwingiza tukiwa tumembeba.

Daktari alikuwa mzungu aliyejua Kiswahili cha kuagiza tu, kwa hiyo tuliyezungumza naye hasa ni dresa, yaani msaidizi wa daktari, Mnata mmoja mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi pale tangu ujana wake. Aliuchukua mkojo wa mume wangu, akauchanganya na dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo, akauchemsha juu ya taa ndogo ya spiriti mbele ya macho yangu. Ile buluu ikawa kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ya tofali. Akanieleza kwamba hiyo ni sukari. Chakula chote nilichopika kiligeuka sukari kwenye damu, lakini mwili haukuweza kuitumia, ukawa unaimwaga nje. Kuna kiungo nyuma ya tumbo, alisema, ambacho kazi yake ni kutoa dawa ya kuufungulia mwili sukari hiyo. Cha mume wangu kilikuwa kimeacha kazi. Lakini dawa yenyewe ilikuwapo, ndani ya chupa, na angechomwa sindano.

Niliuliza mpaka lini. Dresa akasema kila siku ya maisha yake.

Mume wangu alifumbua macho siku ya pili, na baada ya wiki tatu mashavu yalikuwa yameanza kurudi. Nilidhani tungefunga safari ya kwenda nyumbani. Ndipo tulipoambiwa kwamba dawa ile lazima ikae mahali pa baridi, na kwetu hapakuwa na friji. Pale walikuwa nayo moja, ya mafuta ya taa. Tena kijijini hapakuwa na mtu wa kuchoma sindano. Daktari alimpa kazi ya bustani na chumba kidogo nyuma ya jiko la wagonjwa. Angeishi pale. Mimi ningerudi, kwa sababu ulezi ulikuwa unakaribia kuvunwa na mama mkwe hakuwa na mtu mwingine.

Siku ya kuagana mume wangu aliniambia nitembee nisigeuke. Nilitembea, na sikugeuka, na mpaka leo sijui kwa nini nilimtii.

Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Nilivuna, nikapura, nikaangalia ng'ombe pamoja na baba mdogo. Kazi zikipungua nilikuwa natoka alfajiri na kufika kwake mchana umeinama, nikakaa siku mbili, nikarudi. Kisha masika yakaja, mto ukafura, hakuna aliyevuka. Juu ya nyumba yetu kuna kilima ambacho ukisimama unaiona mbuga ya ng'ambo hadi inapochanganyika na mawingu. Nilikipanda mara nyingi kuliko nilivyokuwa na sababu ya kukipanda. Nilikuwa nawaambia watu nafuata kuni. Kule juu nilikuwa natafuta moshi, na nikiuona moshi wowote upande ule nilijiambia kwamba ni wa jiko la hospitali, ingawa nilijua hospitali ni mbali mno kuonekana.

Na mimi nikaacha kula. Sikukusudia. Nilipika, nikapakua, nikaona chakula kimekaa mbele yangu, na tumbo halikuniomba kitu. Nilikuwa nakumbuka jinsi alivyoomba ukoko, jinsi nilivyochoka kusonga, na nikatamani nirudishiwe uchovu ule.

Mama mkwe aliliona. Alirudi kukaa kwenye kigoda chake, safari hii akinitazama mimi. Alinitazama siku kadhaa. Kisha akaniambia niende nikakae na mume wangu, kwamba ng'ombe wangeangaliwa, na shamba angelima sehemu anayoiweza. Nilimwambia watu watasema nimemwacha mzee peke yake.

"Waliposema unamnyima chakula ni mimi niliyewaambia," alisema. "Na hili nitawaambia mimi. Nenda, mwanangu."

Nikaenda mara tu maji yalipopungua. Mume wangu alikuwa anapalilia kabichi. Aliponiona na mzigo kichwani alielewa kwamba sikuja kwa siku mbili, akaweka jembe chini taratibu.

Jioni ile nilimpikia. Dresa alikwishanionyesha kiasi, bonge la ugali mara mbili ya ngumi yangu, maharage, mboga nyingi, na hakuna ndizi mbivu wala asali ndani ya nyumba. Chakula kilipoonekana kidogo kwenye sahani niliona haya. Alikula polepole. Tonge la mwisho alilirudisha sahanini.

"Nimeshiba," alisema.

Nilikuwa nimeolewa naye karibu miaka mitatu, na sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilitoka nje kama ninayekwenda kumwaga maji, nikalia.

Dresa alinifundisha kuchemsha sindano ya kioo, kuvuta dawa, kuipiga kwa kidole mapovu yatoke, kubana ngozi ya paja. Nilijua pia kuchemsha mkojo, na tulikuwa tunaisubiri rangi sisi wawili. Ikibaki buluu alitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Lakini jambo moja dresa alinirudilia mara nyingi. Alisema, "Dawa hii haijui kama amekula. Ukishaichoma itafanya kazi tu, chakula kiwepo kisiwepo. Wewe ndiye unayejua." Nilimwitikia, kama mtu anavyoitikia jambo ambalo halijampata.

Lilinipata kiangazi. Nilimchoma asubuhi, akanywa uji kidogo, nikamwambia nitarudi na kuni nimpikie cha mchana. Wanawake wa wagonjwa walinishawishi twende mbali zaidi, kwenye miti mikavu. Tulizungumza njiani, mchana ukatupita. Niliporudi nilimkuta bustanini amesimama katikati ya nyanya, jasho linamtiririka, anazikanyaga. Nilimwita. Alinitukana kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Nilipomshika mkono alinisukuma nikaanguka, mtu ambaye hakuwahi kuninyanyulia mkono. Kisha miguu ikamwishia, akakaa chini akitetemeka, macho yananitazama bila kuniona.

Nilikimbia kwa mke wa dresa. Alikuwa na asali ya Waikoma kwenye kibuyu. Niliibeba viganjani, bila kijiko wala bakuli, nikampaka ndani ya mashavu, chini ya ulimi, nikamwomba ameze. Nilikuwa namlisha kitu nilichokatazwa kukiingiza nyumbani. Haikupita muda mrefu akapumua kwa nguvu, akanitambua, akaniuliza kwa nini mikono yangu inanata na kwa nini ninalia. Nilimweleza. Aliziangalia nyanya zake kwa muda, kisha akaniomba msamaha. Nami nikamwomba yeye.

Tangu siku hiyo sikuchelewa tena. Niliacha kwenda na wenzangu mbali. Nilijua jua likiwa wapi anatakiwa awe ameshika tonge, na nikiwa shambani mwili wangu mwenyewe ulinisukuma kurudi, kana kwamba njaa yake ilikuwa imehamia kwangu.

Tulikaa pale miaka minne na ushee. Binti yetu alizaliwa kwenye hospitali ile, mikononi mwa mke wa dresa. Mama mkwe alivuka mto kuja kumwona, akaupima mkono wa mwanawe kwa vidole vyake viwili, akaridhika, akarudi kwa ng'ombe. Mimi hayo ndiyo maisha yangu ninayoyatamani. Sijatamani mengine. Chumba kilikuwa kidogo hata tukilala miguu iligusa mlango, moshi wa jiko la wagonjwa ulituingilia, na nilikuwa na kila nilichokitaka.

Kilichomchukua ni kidonda. Alijikata kidole cha mguu kwa jembe, na kwa kuwa miguu yake ilikwishakufa ganzi hakuhisi maumivu, akaendelea kufanya kazi na viatu vilivyoloa maji. Alipovua tuliona pameoza. Daktari alikata kidole, halafu akakata mguu, na homa haikushuka. Alikufa mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mchana, dresa akiwa ameshika mkono mmoja na mimi mwingine. Baba mdogo alikuja na vijana wa ukoo wakambeba kumrudisha nyumbani. Mto ulikuwa mdogo. Nilivuka nyuma yao nikiwa na mtoto mgongoni.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yule, amesomea udaktari. Likizo moja alinikuta nikipepeta ulezi, akaketi, akaniambia kwamba siku hizi wanajua mengi kuhusu tumbo. Alisema tumbo likiwa tupu linatoa homoni ya kuuambia ubongo kwamba mtu ana njaa. Chakula kikifika kwenye utumbo, utumbo wenyewe unatoa homoni nyingine. Zinakwenda kwenye kongosho, kile kiungo cha nyuma ya tumbo, kuliambia litoe insulini, ndiyo dawa ile ya chupa, na zinakwenda hadi kwenye ubongo kuuambia inatosha. Zipo hata dawa zinazotengenezwa kwa kuziiga. Nilimuuliza, na kwa babu yako ilikuwaje? Akasema utumbo wa babu huenda ulikuwa mzima, unatoa taarifa yake kila alipokula. Ila kongosho halikuwa na insulini ya kutoa, na mwili ulioshindwa kuitumia sukari uliendelea kudai chakula.

"Kwa hiyo alikuwa na njaa kweli," nilisema.

"Kweli kabisa, bibi. Mwili wake ulikuwa unakufa njaa."

Niliacha kupepeta. Kuna miezi ya mwanzo, kabla mama mkwe hajaingia jikoni kwangu, ambayo sijaisimulia. Kuna siku nilimwambia mume wangu kwamba ameoa ili apate mpishi, kwamba mtu mzima hapaswi kulilia chungu. Aliinuka akaenda kwa ng'ombe, na kwa siku mbili hakuomba nyongeza, alikaa tu akiitazama sinia tupu. Mjukuu wangu aliniuliza ninawaza nini. Nikamwambia hilo, mtu wa kwanza kumwambia. Hakunifariji wala hakunilaumu. Alichukua ungo mkononi mwangu, akaendelea kupepeta pale nilipoishia, vibaya, makapi yakiturudia usoni sote wawili.