Ndege wa Mgongoni mwa Léocadie

Léocadie alikuwa msusi wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Rockey, kati ya duka la simu na mama mmoja anayeuza samaki wakavu, na wateja walimfuata hapo hata kutoka Joubert Park. Walimfuata kwa mistari yake iliyonyooka, na tusifichane, walifuata pia habari. Ukikaa kwenye kiti chake asubuhi hujui nani kaposwa, mchana unatoka unajua hadi rangi ya viatu vya bwana harusi. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana. Kusahau tu ndiko kulikokuwa kuzito kwake.

Alifika Johannesburg mwaka 2006 kutoka Uvira, Kongo, na hakufika peke yake. Alifika na Célestine, jirani yake wa tangu utotoni, mabasi kwa mabasi kupitia Zambia na Zimbabwe, begi moja la watu wawili. Célestine alikuwa fundi cherehani. Wakapanga chumba pamoja, kisha kila mmoja akapata cha kwake, lakini mkataba wao wa mwanzo haukubadilika: Célestine anamshonea Léocadie, Léocadie anamsuka Célestine. Hakuna aliyemlipa mwenzake na hakuna aliyewahi kuuliza nani anafaidi zaidi.

Hata kanisani waliingia pamoja. Kanisa lenyewe ni lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo majirani wote huliita la Wamormoni. Kila Julai, Jumamosi iliyo karibu na tarehe ishirini na nne, waumini hukumbuka watangulizi wao, watu wa zamani huko Amerika waliofukuzwa makwao wakavuka nyanda na milima kwa miguu hadi Bonde la Salt Lake, wengine wakivuta mali yao yote kwa mikokoteni ya mbao. Basi nao wa Johannesburg huvaa magauni marefu na kofia za kitambaa zinazofungwa kidevuni, hupakia mikokoteni, na huivuta kuzunguka bustani ya Bezuidenhout, juu ya nyasi zilizokaushwa na baridi. Baada ya hapo ni ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki na soseji za kuchoma hadi jua liinamie.

Picha zinazotoka Amerika zinaonyesha magauni ya rangi ya vumbi. Kina mama wa Kongo waliziangalia picha hizo kwa adabu kubwa, kisha wakaenda zao Fordsburg kununua vitenge. Kwao sherehe isiyo na kitenge kipya ni mkutano tu kama mikutano mingine.

Ugomvi ulizaliwa hapo, kwenye sherehe ya 2016. Célestine alimshonea rafiki yake gauni la kitenge cha ndege wa buluu, kila ndege ukubwa wa kiganja, shingo juu, mdomo wazi. Wiki ile alikuwa na kazi za watu wengi, akafanya kosa ambalo kila fundi wa vitenge huliogopa. Alikikunja kitambaa mahali pa mabega badala ya kukikunja kwa urefu, akakata mbele na nyuma kwa mkasi mmoja. Ndege wa mbele wakatazama mbinguni. Wa nyuma wakaning'inia vichwa chini, miguu juu, kama kuku wanaopelekwa sokoni.

Mtu hana macho kisogoni. Léocadie alijitazama kwenye kioo cha saluni, akaona ndege wazima, akaenda akavuta mkokoteni asubuhi nzima huku nusu ya kanisa ikimfuata nyuma. Hakuna aliyefungua mdomo. Jioni picha zikafika Uvira kwa simu, na dada yake akamwandikia kumuuliza ni nani aliyewapiga mawe ndege wa mgongoni.

Jumapili akamwendea Célestine, tayari kupokea samahani, tayari hata kusamehe kabla neno halijafika mwisho. Lakini walikutana mlangoni, watu wamejaa, na Célestine akamtazama, akatazama watu, akasema, "Bale ndege hawakuanguka. Banashuka kunywa maji."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Léocadie naye akacheka, angefanya nini. Kicheko kilipokwisha akaenda kukaa benchi la upande wa pili, na huko akabaki. Gauni angelisahau baada ya mwezi. Kilichomuuma ni kwamba rafiki yake alimchekesha mbele ya watu kwa kosa ambalo hakulifanya yeye.

Mwaka ukapita hivyo. Salamu zilikuwepo, maana huwezi kushiriki sakramenti na mtu usiyemsalimia, lakini zilikuwa salamu za vidole, macho yakitazama kwingine. Léocadie akaanza kununua nguo za dukani. Nguo za dukani hazimjui mtu. Zilimbana kifuani, zikampwaya kiunoni, na ile ya kijivu ilimfanya aonekane mfungwa aliyeachiwa juzi. Célestine naye akapata msusi mwingine, sijui alimtoa wapi. Kila Jumapili Léocadie aliketi akikitazama kile kichwa kutoka upande wa pili: mistari imepinda kama barabara ya milimani ya kwenda Bukavu, nywele za pembeni zimevutwa hadi nyusi zimepanda. Watu wakiimba, yeye alikuwa anakifumua kichwa kile na kukisuka upya akilini, mstari kwa mstari. Alikuwa na hamu na rafiki yake, ndiyo kweli yenyewe. Lakini alikuwa ameapa. Bila neno samahani, tena mbele ya watu walewale waliocheka, yeye na Célestine basi tena.

Julai 2017 ilipokaribia, askofu wao akasimama mbele. Aliitwa Pacifique, Mrundi mpole ambaye siku za kazi alikuwa fundi umeme. Akasema watangulizi wa Amerika tunawaheshimu, ila na sisi hapa kila mmoja ana njia aliyopita. Mwaka huu kila mkokoteni utavutwa na watu walioingia nchi hii pamoja.

"Dada Léocadie na dada Célestine," akasema huku akitabasamu kwa roho safi, "mkokoteni wa kwanza."

Léocadie alimngoja nje. "Askofu, ule mkokoteni miye nitavuta peke yangu."

"Ni wa watu wawili, dada."

"Basi nitavuta na binti yangu."

"Arlène amezaliwa hapa hapa. Yeye aliingia nchi na nani?"

Léocadie akamuaga. Akarudi nyumbani akijiambia labda ni mkono wa Mungu, labda siku hiyo Célestine atasema neno lenyewe. Kwa siku kadhaa alisuka watu huku akiimba.

Halafu akaenda Fordsburg kununua nywele za kusukia, akapita kumsalimu Salum, mtu wa Tanga aliyekuwa akiwauzia vitenge kina mama wote wa kanisa ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa msikitini.

"Rafiki yako alikuwa hapa juzi," Salum akasema. "Kachukua wale ndege."

"Ndege gani?"

"Wale wa buluu, wa mwaka jana. Kilibaki kipande kimoja, nikakichimbua chini kabisa ya mzigo. Alifurahi huyo, utadhani nimempa bure."

Léocadie aliaga bila kununua nywele. Alikuwa ameelewa yote, au ndivyo alivyodhani. Célestine anajishonea gauni lilelile, safari hii ndege wamesimama wima mbele na nyuma, ili watu wawakumbuke wale wa mwaka jana, walinganishe, waseme kumbe fundi ni fundi, shida ilikuwa mgongo wa Léocadie. Tena watakuwa bega kwa bega kwenye mkokoteni mmoja. Mwaka mzima amengoja samahani, na kumbe mwenzake anamwandalia kicheko cha pili.

Akasema haendi. Kesho yake akasema anaenda lakini hasemi kitu. Kufikia Ijumaa alikuwa ameamua kusema, tena kwa kirefu. Alipanga maneno yake huku akisuka, na kila neno lilivyozidi ukali ndivyo vidole vilivyozidi kuvuta, hadi mteja mmoja akamwomba kwa upole amwachie ngozi ya kichwa.

Jumamosi ilikuwa ya baridi kali. Watu walifika bustanini wamejifunika makoti na mablanketi, pumzi zikitoka kama moshi. Wanaume walikuwa wameunda mikokoteni kwa mbao na magurudumu ya baiskeli. Léocadie alivaa lile gauni la kijivu la dukani na kofia ya kufungwa kidevuni, akasimama upande wake wa mti wa kuvutia, maneno yote yamejipanga mdomoni.

Célestine akaja. Koti lake refu lilikuwa limefungwa vifungo hadi kooni. Mkononi alibeba lile begi lao la zamani, lenye mkanda alioushona tena kwa mkono ndani ya basi, na akaliweka juu ya mkokoteni. Léocadie akaligeuzia begi uso. Hakutaka lianze kumlainisha.

"Makoti tuyaweke juu ya mizigo," askofu akatangaza. "Tupige picha kabla hatujaanza."

Célestine akafungua vifungo kimoja kimoja. Ndege wa kifuani walikuwa vichwa chini. Akavua koti lote, akageuka taratibu, na wa mgongoni nao vichwa chini. Hata wa mikononi. Gauni zima, hapakuwa na ndege mmoja aliyetazama juu.

Nyuma mtu alianza kucheka, akajizuia. Célestine akaendelea kuzunguka ili kila mmoja aone.

"Mwaka uliopita nilikata kikwembe vibaya," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa wachoma soseji. "Léocadie akabeba haya yangu ku mugongo asubuhi yote. Nilijua tangu tulipoanza kutembea. Niliogopa kumwambia, na kisha nikamucheka. Fundi ni miye. Kosa ni langu." Halafu akasema polepole, kwa mtu mmoja, "Unisamehe, Léo."

Maneno yote ya Léocadie yalimtoka kichwani. Yale makali, yale ya kirefu, hata moja halikubaki. Alilia, wala hakujificha. Akanyoosha mkono, akafungua kamba ya kofia ya Célestine kidevuni, akaivuta nyuma, akakitazama kichwa kile kwa karibu kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima.

"Na hiki nani amekufanyia?"

"Kofia inafunika," Célestine akasema.

"Haifuniki kitu. Vaa koti, utaugua."

"Sivai. Leo batu baone."

Askofu akapiga picha. Kisha wakashika mti wa kuvutia, huyu kushoto na yule kulia, wakavuta. Mwanzoni kila mmoja alikwenda na mwendo wake na mkokoteni ukayumba, begi likaanguka, likaokotwa, wakacheka. Kwenye kimlima cha kuelekea juu ya bustani miguu ikakumbuka kutembea pamoja. Watu waliokuwa nyuma walikuwa na mengi ya kutazama, na safari hii walicheka kwa ruhusa. Chakula kilipoiva, wawili hao hawakwenda kupanga mstari. Célestine alikuwa amekaa chini, amejiegemeza kwenye magoti ya Léocadie, na Léocadie juu ya mkokoteni anafumua, anafumua, akimsimulia habari zote za mwaka mzima alizomnyima.

Mwaka uliofuata, wiki ya sherehe, Célestine alikuja saluni na utepe wa kupimia shingoni na kitenge kipya kwapani. Léocadie alimwambia akirudishe kwa Salum. Alikuwa amekwisha kulitoa lile gauni lake la ndege ndani ya sanduku, akalipiga pasi.

Kwa hiyo Julai 2018 mkokoteni wa kwanza ulivutwa na ndege wengi wa buluu, na wengi wao hawakuwa wamekaa sawa. Nyuma yao alitembea Jeannine, msichana aliyefika majuzi tu kutoka Kalemie, ambaye bado hakujua habari za mtu yeyote. Alivumilia hadi katikati ya bustani, kisha akasogea na kuinama kwa heshima.

"Mama Léocadie, samahani. Ndege yako ya ku mugongo banaangalia chini."

Célestine aliacha kutabasamu, akashika mti wa mkokoteni kwa nguvu.

"Hawakuanguka, mwanangu," Léocadie akajibu bila kupunguza mwendo. "Banashuka kunywa maji."

Célestine hakucheka mpaka Léocadie alipoanza.