Mfumo Mpya Umekula Drafti Yangu

Nina miaka themanini na mbili. Mkoloni nimemwona akifungasha, kijiji cha Ujamaa nimekizika, leo kompyuta ilitaka kunizika mimi!

Binti yangu Mwajuma kaiwekea kompyuta yangu mfumo mpya. Mchezo wangu wa drafti haufunguki.

"Baba, huo ni wa zamani, haukubaliani na mfumo mpya. Zoea."

Nizoee? Hata kule Goweko, enzi za Ujamaa, tuliambiwa kijiji kipya ndicho bora. Tukahama, kisima kikabaki kijiji cha zamani! Mie nikawa narudi kuchota.

Basi nikavuta kompyuta yangu kuukuu uvunguni mwa kitanda. Alidhani nimeitupa, hehe.

Ikawaka. Nikacheza drafti, nikaifunga kompyuta mara tatu mfululizo!

Mnabisha? Muulizeni Mwajuma. Yuko hapa mkekani, anaomba zamu.