Matembezi ya Baridi Kando ya Mabwawa

Mke wangu alianza kuangalia ndege kwa sababu ya mapafu. Alikuwa nesi wa wodi kwa miaka mingi, na mwaka mmoja, majani yalipoanza kupukutika, homa ya mapafu ilimlaza kitandani. Ilipopungua alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumba yetu bila kupumzika katikati. Daktari akamwambia atembee kila siku, kidogo kidogo, mahali tambarare penye hewa nzuri. Edmonton tunakokaa, kaskazini mwa London, kuna maghala, barabara kuu, na nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Hewa nzuri iko bondeni, ng'ambo ya reli, kwenye mabwawa makubwa yanayohifadhi maji ya mji. Nikawa nampeleka huko kwa basi. Mimi mwenyewe nilikuwa dereva wa basi, na siku ya mapumziko kitu cha mwisho nilichotaka kilikuwa kupanda basi, lakini nilihofia asije akaanguka huko peke yake.

Mwanzoni hapakuwa na cha kutazama. Maji ya kijivu, mbingu ya kijivu, na upepo uliopenya hadi kwenye meno. Mke wangu alinishika mkono, tukaenda hadi benchi la kwanza, tukakaa, tukarudi. Wiki iliyofuata tukafika benchi la pili. Siku hiyo palikuwa na mzungu mmoja mwenye ndevu amesimama karibu nasi, darubini shingoni. Sijui alimwona vipi mke wangu, labda aliona jinsi alivyokuwa akikodoa macho, maana alivua darubini bila maneno mengi akampa ajaribu.

Alichokiona ni kibisi, ndege mdogo wa majini anayezama kama jiwe na kuibuka mahali usipomtarajia. Mimi nilikuwa napuliza vidole vyangu. Mara mke wangu akashusha darubini akaniambia yule ndege amezama na hajatokea, kama vile ni mimi niliyepaswa kwenda kumtoa. Tulisimama pale, watu wazima watatu, tukingoja kindege kimoja kipumue. Kilipoibuka mbali karibu na ukuta wa bwawa, mke wangu alicheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu augue.

Krismasi ile mwanetu alimnunulia darubini yake mwenyewe. Mwanetu amezaliwa hapa. Kiswahili tunachomsemesha anakisikia chote, na anatujibu kwa Kiingereza. Alimwambia mama yake kwamba ni ya kutumia hadi apate nafuu. Alipata nafuu, na darubini hakuiweka chini.

Hivyo ndivyo Jumamosi zetu zilivyogeuka. Tulitoka asubuhi na gambuti, chupa ya chai ya tangawizi, na mandazi yaliyofungwa kwenye karatasi ya jikoni ile inayong'aa. Tulizunguka mabwawa, tulikwenda kwenye misitu ya Epping majani yakiwa yameisha mitini, na mara nyingine tulivuka mji mzima hadi Thamesmead, ambako dada mmoja wa kanisani kwetu anakaa karibu na ziwa na nyanda za matope kando ya mto. Huyo dada alituuliza kama ndege hao tunawala. Mke wangu akasema hapana.

"Sasa mnawaangalia wafanye nini?" akauliza.

Kanisani habari zilienea. Wanaume wenzangu waliniuliza habari za kuku wangu wa majini. Nilicheka nao. Sikupenda kukiri kwamba nilikuwa nimeanza kumtambua mnandi kwa namna anavyoanika mabawa yake, wala kwamba siku moja njiani, nikiendesha basi lililojaa abiria, nilimwona kipanga juu ya taa ya barabarani nikatamani sana kusimama. Ndani ya msitu nilikuwa na wasiwasi wangu mwingine. Kule nilikokulia, upande wa Kitale, bundi akilia karibu na boma watu walimfukuza kwa kijinga cha moto. Mke wangu aliposimama chini ya mti mmoja akanionyesha bundi aliyelala ndani ya tundu, nilimwambia ameshamwona, twende. Alikataa. Alimtazama hadi shingo ikamuuma, halafu akaniambia nyumbani kwetu tumewaonea ndege hawa bure.

Sasa lazima niieleze ile nyumba. Kwa miaka mingi tulikuwa tunajenga Kitale, kwenye sehemu yangu ya shamba la marehemu baba. Kila Mkenya wa rika letu hapa London ana nyumba ya namna hiyo, au anayo kichwani. Ya kwetu ilikuwa imebakiza kidogo tu kukamilika, paa la vigae, tangi la maji, veranda inayotazama Mlima Elgon. Ndugu yangu alikuwa akinitumia picha zake. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nikistaafu tutafunga virago, na nilikuwa nistaafu majira ya joto yaliyofuata. Angalau mimi nilidhani tumekubaliana. Nikikumbuka vizuri, ni mimi niliyekuwa nikisema, na yeye alikuwa akiendelea na alichokuwa akikifanya.

Januari ile kulikuwa na barafu ya kuumiza masikio. Watu wa darubini waliambiana kwamba upande wa juu wa bonde, mwendo mfupi kwa treni, ameonekana bittern. Huyo ni wa jamii ya korongo, mnene, wa rangi ya nyasi kavu, na kazi yake ni kujificha. Akisimama katikati ya matete unaweza kumtazama usimwone. Mke wangu alikuwa amemtaka tangu majira ya baridi yaliyotangulia. Tukaenda. Pale pana kibanda cha mbao kando ya matete, chenye benchi refu na vidirisha vyembamba vya kuchungulia. Ndani palikuwa na watu kadhaa, wote kimya, wote na kofia za sufu. Tukajibana upande mmoja, tukaanza kungoja.

Sijui kwa nini nilichagua mahali pale. Labda kwa sababu ya ukimya. Nilitoa simu nikamwonyesha picha mpya ya veranda, nikamnong'oneza kwamba ndugu yangu anauliza kama tuweke sakafu ya vigae vyekundu au vya kahawia, na kwamba inafaa tuamue kabla ya kukata tiketi. Aliitazama ile picha kwa muda. Kisha akarudisha macho kwenye kidirisha.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sitaki kurudi kukaa."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamwuliza kama anamaanisha mwaka huu.

"Namaanisha kukaa. Kutembea nitakwenda. Kukaa, hapana."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwuliza, bado kwa kunong'ona, ile nyumba tumemjengea nani. Nikamwuliza kama anaacha nyumba yake kwa sababu ya ndege. Hilo lilimuudhi. Alinigeukia, darubini ikagonga ukingo wa kidirisha, mwanamume mmoja akatutupia jicho.

"Usinidharau," akasema. "Dada zangu wote nimeshawazika. Nikienda kule mimi ni yule aliyetoka Uingereza, kila anayekuja anakuja na shida yake. Hapa nina mjukuu. Nina daktari anayeyajua mapafu yangu. Na ndiyo, nina ndege wangu. Kwani ni dhambi?"

Nilikuwa nafungua kinywa nimjibu, na jibu lenyewe halikuwa zuri, ndipo mwanamke aliyekaa mwisho wa benchi alipokohoa kidogo. Alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima kutushinda, amevaa koti zito juu ya sari na gambuti za kijani.

"Samahani, ndugu zangu," akasema kwa Kiswahili safi cha Kenya. "Mimi nimezaliwa Kisumu. Nasikia kila neno. Naona ni haki niwaambie."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Miaka yote London tulikuwa tumezoea kukitumia Kiswahili kama chumba chenye mlango, unaingia na kufunga. Mke wangu alijifunika uso kwa glavu. Yule mama akasema kama tunataka atatoka nje atungojee tumalize, lakini nje ni baridi na yeye pia amemngoja huyu ndege tangu asubuhi. Mke wangu akaanza kucheka, kicheko cha kubana pua, na yule mama naye akacheka. Mimi sikucheka.

Ndege alitokea tukiwa katika hali hiyo. Mtu alinong'ona, wote wakainama kwenye vidirisha. Kwanza sikuona kitu. Kisha sehemu ya matete ikapiga hatua. Alitoka hadi ukingoni mwa barafu, shingo ameiinua juu, akisogea kwa kuyumba kama yanavyoyumba matete yenyewe. Akasimama akitazama maji yaliyokuwa hayajaganda. Alidokoa majini mara moja, akameza kitu, akarudi alikotoka, na matete yakafunga. Mke wangu alinishika goti. Ilikuwa ni mazoea tu, hatukuwa tumepatana, lakini hakuuondoa mkono wake na mimi sikuuondoa.

Baadaye tulikunywa chai na yule mama nje ya kibanda. Anakaa Harrow, mjane, mumewe alikuwa na duka. Alituambia, bila kuulizwa, kwamba mumewe alizungumza habari za Kisumu hadi siku yake ya mwisho, na walipokwenda kuitazama mara moja hakuijua mitaa, akataka warudi Harrow kabla ya siku zao kwisha. Nilidhani atageuza hayo kuwa ushauri. Hakugeuza. Alikula andazi, akasema lina iliki ya kutosha, akaenda kuwahi treni.

Nyumbani tulinuniana. Sio kelele, sisi si watu wa kelele, ila tulisema tu yale ya lazima: chakula, takataka, zamu za kazi. Nilikuwa na uchungu kweli. Mwanamume akiulizwa kwao ni wapi anataka aoneshe kwa kidole, na mimi nilihisi kama nimeoneshwa kuwa kidole changu hakielekei popote. Jumamosi zikaja, naye akavaa gambuti zake. Jumamosi ya kwanza alikwenda peke yake. Ya pili nilimfuata, kwa sababu njia ilikuwa na barafu. Tulizunguka bwawa zima bila neno hadi alipoona mdiria juu ya bomba, buluu kama kitambaa kipya, akashindwa kujizuia akaniita.

Nilipostaafu nilikwenda Kitale peke yangu. Nilikusudia kumwonyesha kwamba naweza. Nyumba ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Asubuhi niliketi kwenye veranda na chai yangu, mlima ukitokea mawinguni, na watu wakaja kama alivyosema, kila mmoja na shida yake, wengine pia na upendo wa kweli. Ndugu yangu alikuwa na shughuli zake. Jioni vyumba vilikuwa vingi. Siku moja ndege alitua juu ya tangi la maji, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mkia ukipigapiga. Nikampigia simu mke wangu nimweleze. Akaniuliza miguu yake ni ya rangi gani. Sikuwa nimeitazama. Akanigombeza vizuri, nesi wa zamani akimgombeza mwanafunzi, na ile ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza kwa raha tangu kile kibanda.

Niliporudi tukakaa mezani tukayazungumza kama watu. Kwa kweli yeye alikuwa ameshayapanga. Wenzetu wengi hukimbia baridi, wanakwenda Kenya Desemba na kurudi maua yakichanua. Yeye alitaka kinyume chake: twende Kitale Juni, Julai, Agosti, wakati hapa mabwawani wamebaki ndege wachache, na turudi kabla bata wa kaskazini hawajashuka. Nilimwambia watu watatuona tumerukwa na akili. Akasema kanisani wameshatuona hivyo. Nyumba kubwa tumewapangisha walimu wa sekondari, familia moja yenye watoto wengi, na sisi tumejiwekea vyumba viwili vya nyuma. Ndugu yangu hakufurahi, kisha akazoea. Mimi pia nimezoea, ingawa kuna asubuhi naamka na kuutaka ule mlima, na nikimwambia, hanibishii.

Jumamosi iliyopita mvua ilianza kabla hatujatoka, tukaenda hivyo hivyo. Hatukuona cha maana. Shakwe, bata wa kila siku, kukuziwa wakigombana kama kawaida yao. Glavu zangu zililowa hadi ndani. Kituoni tukingoja basi nilimwuliza wiki ijayo twende wapi. Akasema Thamesmead, yule dada wa kanisani ametualika chakula na ameanza kuuliza maswali juu ya ndege wa ziwani kwake. Nikasema upepo wa huko ni mkali mno, afadhali msituni. Basi likaja kabla hatujaamua.