Mtambo wa Dakani

Bwana Abdulghafur alikuwa mtu wa kawaida katika mji wa Lamu kwa kila jambo isipokuwa moja: hakuweza kumiliki kitu kisionekane. Viti alivyoletewa kutoka Bombay vilikaa dakani, pale kwenye mabaraza ya mlango wa nje anapopokelea wageni, mpaka masika yakavibambua rangi. Hakuwa mtu mbaya. Hakukosa msikitini, na wanawe aliwapenda. Ila furaha yake ilikuwa haikamiliki mpaka jirani aione, na mtu wa namna hiyo huishi na kiu isiyo na kisima.

Mwaka ule binti yake Alawiya alirudi kwa wazazi wake kuzaa mimba ya kwanza, kama ilivyo ada. Alijifungua salama, katikati ya kusi, siku ambazo upepo huingia mpaka mifupani. Mzazi hukandwa kwa maji moto asubuhi na jioni hadi arobaini yake itimie, na maji hayo huwa moto hasa, mkunga akichovya kitambaa akikamua huku akipuliza vidole. Abdulghafur naye akataka kumfanyia mwanawe jambo la kukumbukwa. Kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alinunua mtambo: pipa la shaba lenye miguu, tanuri la kuni chini yake, bilula mbele na bomba ubavuni.

"Tuuweke uani, karibu na choo cha ndani," alisema Famau, fundi wa bati.

"Wageni huingia uani?"

"Hawaingii."

"Basi wauliza nini?"

Mtambo ukasimamishwa dakani. Bomba likaanzia hapo, likaambaa na ukuta wa kiwanda, ule uwanja wa wazi baada ya mlango, likatoboa kuta za matumbawe za msana wa kwanza na wa pili, vile vyumba virefu vya ndani, likaishia choo cha ndani, chenye bafu, alimokandwa Alawiya. Kuni zikawashwa, kahawa ikaletwa, na wanaume wa mtaa wakaja kumpongeza mtu ambaye hakuwa amezaa.

Ndani, mkunga Bi Mwanamkisi alikinga mkono chini ya bomba.

"Haya ni mai ya kuoshea vyombo," alisema. "Mzazi hakandwi kwa haya."

Bi Saadiya, mke wa Abdulghafur, alikuja nyuma ya pazia la mlango akatoa habari. Dakani, Khatib wa nyumba ya pili alifungua bilula, akatia kidole, akakichomoa na kukiweka kinywani. Wenziwe wakafanya vivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa adabu.

"Mai ni moto, Bi Saadiya," Khatib alisema. "Mashahidi tumetimia."

Ikawa nyumba moja yenye habari mbili, kila moja na mashahidi wake. Wanaume hawakuweza kuingia ndani, wanawake hawakuweza kutokea dakani. Abdulghafur peke yake angeweza kupita kote, lakini alisema mwanamume haingii anapokandwa mzazi, na isitoshe ushahidi alikuwa ameusikia.

Hata hivyo alimwita Famau. Famau akafungua pipa, akakwangua ukoko wa chumvi ya maji ya kisima. Kule ndani maji yakaja vuguvugu. Akaziba maungio kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kama mtu anayekalafati chombo. Yakaja vuguvugu, tena yenye harufu ya papa. Akaongeza magogo ya mkoko mpaka wageni wakasogea kwenye mabaraza ya mbali. Vidole vya wanaume vilikuwa vimebabuka kwa uchunguzi.

"Mwanamke aliyezaa husikia baridi hata juani," Khatib alieleza. "Kasoro si ya mtambo."

Saadiya aliomba basi achemshe maji kwa sufuria. Abdulghafur alikataa kwa upole. Moshi wa sufuria ungetoka jikoni, juu kabisa ya nyumba, na mtaa mzima ungejua kwamba mtambo umeshindwa. Saadiya akawa anaiba birika moja moja, juu ya makaa yasiyotoa moshi, na birika moja halimkandi mtu.

Alawiya akaanza kutetemeka. Kiuno kilimuuma hata akawa analia akimnyonyesha mtoto. Asubuhi moja alikataa kukandwa. Alisema afadhali aumwe akiwa mkavu.

Saadiya alijaza bakuli kutoka kwenye bomba, akalichukua mwenyewe mpaka kwenye pazia, akalipitisha chini.

"Onjeni," alisema.

Khatib alitia kidole kizima, akakiacha humo bila shida.

"Haya yamepoa ndiani, Bi Saadiya. Toka choo hadi hapa ni misana miwili na kiwanda. Mai gani yatafika moto?"

"Na yale tuletewayo sisi, Bwana Khatib, yapita ndia gani?"

Famau, aliyekuwa ameshika kipande cha bati, alikitazama kama kina maandishi. Mmoja akauliza kama kahawa imebaki.

"Akiuhamisha uani," Khatib aliwaambia wenziwe kwa sauti ya chini, "nani atauona?"

Abdulghafur alikuwa akiuangalia mtambo wake. Shaba iling'aa vizuri asubuhi hiyo.

"Alawiya amekataa kukandwa," Saadiya alisema nyuma ya pazia, bila ukali. "Hawezi kumshika mwanawe."

Abdulghafur akavua kilemba, akakiweka juu ya baraza.

"Ung'oe, Famau."

Wanawake walipanda ghorofani na mtoto, wakafungiwa ili wanaume wapite, Famau na vibarua wakabeba pipa hadi uani na kuliegemeza ukutani mwa choo, bomba likabaki la urefu wa dhiraa mbili. Dakani palibaki alama nyeusi ya masizi na matundu manne ya miguu.

Jioni Khatib alikuja kama kawaida.

"Haya, mai yamepata moto?"

"Yamepata. Alawiya amekandwa, amelala."

"Umeyashika?"

"Sikuyashika. Mzazi yumo."

"Amekwambia nani, basi?"

Abdulghafur alimimina kahawa polepole.

"Mke wangu."

Khatib alimtazama rafiki yake kwa huruma, kama mtu aliyesikia kwamba nyumba ya jirani imeuzwa, akapokea kikombe.